Nyaya za Spika Nilizozichagua Mwenyewe

Mtongwe, Jumamosi. Tangu alfajiri mvua inanyesha na kukatika, na unyevu umeingia mpaka ndani ya makabati. Roho yangu leo nzito, ingawa mikono haikukaa bure.

Nimenunua nyaya za spika.

Naandika ili mwenyewe niamini. Redio kubwa ya sebuleni ilikuwa ya Swaleh, mume wangu. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, akaileta kutoka Singapore mwaka wa themanini na nne: deki ya kaseti, amplifaya, na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Kila akirudi safari alizipangusa vumbi kabla hajafungua sanduku lake. Kazi yangu mimi ilikuwa kusikiliza. Sikugusa kitufe chochote ila cha sauti, tena kwa kupunguza.

Swaleh alifariki mwaka jana. Binti yetu ameolewa Lamu. Nimebaki na cherehani yangu, na jioni nikimaliza kushona hutia kaseti ya taarabu ili nyumba iwe na sauti ya mtu.

Wiki hii spika ya kushoto ilianza kukwaruza, halafu ikanyamaza kabisa. Jumatano alikuja shemeji yangu Omar, mdogo wake marehemu. Akaipigapiga kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii imekufa," akasema. "Nawe u mtu mmoja, wataka nini na mitambo yote hii? Mwisho wa wiki nitakuja na gari niichukue. Kwangu vijana wataitengeneza waipige harusini."

Nilimtilia chai. Alipoondoka nililia, na sikujua namlilia nani, spika au mwenye spika.

Jana nikapata ujasiri. Niliivuta spika iliyonyamaza nikaifunga kwenye waya wa mwenzake, kama nilivyomwona Swaleh akifanya. Ikasema. Kumbe spika haina neno, mbovu ni waya. Nilipouambua, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka kijani na inapukutika vidoleni. Hewa ya chumvi ya huku haibakishi kitu.

Basi leo asubuhi, mvua ilipopumua, nilikwenda duka moja la vifaa vya redio pale Likoni. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye miwani, aliniamkia vizuri, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mzee hakuja? Ingekuwa vyema aje achague mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi," nikamwambia.

Nadhani alifahamu, maana aliinamisha macho akaanza kushusha mabunda ya waya.

Wa kwanza ulikuwa mwembamba, ule wa kufungia taa ya mezani. Alisema wengi huchukua huo. Ungefaa kama spika ingekuwa karibu, lakini wangu unazunguka ukuta mzima kukwepa mlango, na waya mwembamba ukiwa mrefu hunyonya nguvu ya sauti. Wa pili ulikuwa mnene, unang'aa, na ghali zaidi. Nilimwomba auambue ncha. Unene ulikuwa wa plastiki tu, nyuzi za ndani chache. Nikatoa kwenye mkoba sumaku yangu ya kuokotea pini, nikaisogeza. Nyuzi zikaifuata. Chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Muuzaji akacheka kidogo. "Mama ni fundi?"

"Mshonaji."

Wa tatu ndio niliouchukua. Ganda lake linaonyesha ndani, nyuzi nyingi laini za shaba, na sumaku haikuushika. Nikaupima kwa futi yangu ya kushonea, vipande viwili sawasawa, ingawa spika moja iko karibu zaidi. Swaleh alipenda viwe sawa.

Nilirudi nikafunga. Nikatia kaseti.

Sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Besi hakuna. Nilikaa sakafuni na bisibisi mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaona huenda Omar amesema kweli.

Kisha nikautazama tena waya. Una mstari mwekundu upande mmoja, na kwenye spika ya kushoto upande huo nilikuwa nimeutia penye tundu jeusi badala ya jekundu. Nikageuza.

Ile sauti ya mwimbaji ikaja ikasimama katikati ya chumba, baina ya spika mbili, safi, mpaka vidole vya mpiga udi nikavisikia. Niligeuka kuangalia pale inapotoka. Hapakuwa na mtu.

Nakiri hapa nisichoweza kukiri kwa watu: nilidhani sauti ikirudi, kitu kingine cha Swaleh nacho kitarudi. Hakikurudi. Sebule ilionekana kubwa kuliko jana.

Alasiri Omar akaja, na gari, na rafiki yake wa kumsaidia kubeba. Alisimama mlangoni akisikiliza.

"Imesema?"

"Ilikuwa waya tu."

"Nani amekufungia?"

"Mimi."

Akaitazama spika ya kushoto. "Lakini shemeji, wewe mtu mmoja."

"Ndiyo sababu, Omar," nikamwambia. "Ndiyo sababu naihitaji."

Akamwambia rafiki yake angoje garini. Akavua viatu, akaketi kiti cha kaka yake, akausikiliza wimbo mpaka ukaisha. Kisha akavua kofia akajifuta nayo uso, taratibu, akidhani simwoni. Miezi yote hii nilimhesabu kuwa mtu wa kuchukua vitu vya marehemu, sikuwaza kuwa naye amefiwa. Labda alichotaka kubeba hakikuwa redio.

Aliondoka na gari tupu. Nilimwambia kesho aje na mkewe, nitapika wali wa nazi. Akasema inshallah, na sijui ni ile inshallah ya kuja au ya kutokuja.

Sasa karibu magharibi, na mvua imerudi juu ya mabati. Kesho nitaloweka mchele wa watu watatu. Wasipokuja, nitakula changu na kusikiliza upande wa pili wa kaseti, na hilo nalo itabidi nijifunze.