Usiwashe Mbabula mu Saloni

Mama Elodie,

Leo upikie inje. Usiwashe mbabula ya makaa mu saloni, na uache madirisha wazi mpaka harufu ya esanse ya pikipiki itoke. Ule unga wenye ulikuwa kwa ukuta umelowa esanse, utupe tu. Usijaribu kuuchekecha.

Asubui nilikupigia makelele mbele ya mama mukwe yangu, nikasema ni wewe ulimwanga petroli ya taa. Ukabeba kitunga yako, ukaenda soko, na mimi nikabaki najiona mwanaume kamili. Kisha nikasukuma pikipiki inje, nikaona tone chini ya tanki. Na lingine.

Ni robine, ile koki ya tanki, inavuja. Nilikuwa nimeiziba na sabuni, vile sisi bamotari tunafanyaka, juu esanse haiyeyushi sabuni. Lakini maji inaiyeyusha. Na jana nani aliosha pikipiki mpaka ikang'aa, juu ya kupeleka mama mukwe ku misa? Ni mimi. Nikailaza mu saloni, ikakojoa mpaka kukakucha.

Sasa pikipiki iko ku kiwanja ya jirani yetu Akilimali. Mutu asiikaribie na kiberiti. Ninaenda na miguu kutafuta kampira kapya ka robine.

~~Umuelezee mama mukwe kama nilikosea.~~ Apana. Umuombe tu anigojee mangaribi. Makelele nilipiga mbele yake, na pole nitaisema mbele yake.

Bwana yako,
Papa Elodie

Ile sabuni ulimugombeza Elodie kama aliipoteza, ndiyo ile niliziba nayo robine. Nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza.