Gauni Lililofichwa Kwenye Boksi la Gemu

Msambweni,
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa kaka yangu mpenzi Mwinyihaji,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka, ingawa ukiwa hapa nyumbani shikamoo yangu huipati mpaka uidai. U hali gani huko bara? Kifua kimekuacha, au baridi bado inakuandama? Mama anauliza kama ile sweta aliyokupa unaivaa au umeshamgawia mtu. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Shangazi Mwanahamisi analalamikia goti lake kama kawaida, na simu yako nayo i salama. Tangu uiache kwa sababu makuruta wa polisi hawaruhusiwi simu, Mama ameifungia kabatini, na kila Ijumaa huitoa akaichaji, akaifuta vumbi na kuirudisha. Nilimwambia simu iliyozimwa haihitaji chaji. Akanijibu kwamba nimesoma mpaka nimepitiliza.

Ama baada ya salamu, pokea habari kubwa kabla sijasahau: mahafali yetu ni Ijumaa ya wiki ijayo, na jina langu limo. Dadako atavaa joho! Mitihani imekwisha, kazi bado sijapata, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza sina ninachodaiwa na mwalimu yeyote. Basi nimejipa raha, kaka, wala siombi radhi. Asubuhi namsaidia Mama, mchana nasoma vitabu, jioni nacheza gemu yako. Ndiyo, gemu yako. Na timu yako ile ya mpira uliyoniachia niitunze, yule mshambuliaji wako unayempenda nimemuuza, nikanunua mlinda lango. Usiniapize. Sasa hivi hatufungwi ovyo kama zamani zako.

Siku nyingine huja Mapenzi, yule rafiki yangu wa chuoni anayetoka Kinango, tukashuka Ukunda kwenye mitumba. Huko ndiko roho yangu iliko. Unafika mapema kabla mtumba haujafunguliwa, na ukifunguliwa tu, kina mama wanavamia zile kamera, zile za daraja la kwanza zisizo doa wala tundu, na mwenye haya zake anaambulia soksi. Mapenzi hana haya hata kidogo. Tukimaliza nguo tunakwenda kwa Menza, anayetandaza vitabu vikuukuu kwenye turubai kando ya viatu. Huyo ndiye anayenilisha hadithi.

Najua hapo umeshashtuka, unajiuliza mitumba hiyo inaingiaje nyumbani kwa Fundi Ramadhani. Haiingii, kaka. Sheria ya Baba ni ile ile. Bado anasema mitumba ndiyo iliyomwondolea wateja, na kwamba nguo iliyotolewa mwilini mwa mtu asiyemjua haitavuka kizingiti chake angali hai. Juzijuzi Shangazi alikuja na blauzi mpya, Baba akaipapasa kola, akamkaribisha kwa heshima zote, akamwekea kiti nje barazani. Shangazi wa watu alinywea chai kwenye jua! Mimi na Mapenzi nguo zetu zote hulala kwao Mapenzi.

Lakini hebu nikuchekeshe. Siku moja ya mvua, wateja hakuna, Baba aliingia ndani akanikuta nacheza. Akauliza kama hao wanaokimbia wanalipwa. Nikamwambia hawalipwi, akasema basi ni wajinga, kisha akavuta kiti. Baada ya muda akataka ile rimoti, aishike tu. Wallahi kaka, hakuiachia mpaka adhana! Lakini alikuwa akipiga pasi zote kwa maadui. Anatulia, analenga, halafu anawapa mpira wenzetu wa upande wa pili kama anagawa sadaka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Alipoona nimezidi akakasirika, akasema kosa ni la mwenye gemu, vipi timu mbili zivae jezi za rangi moja. Nikamwambia wale wamevaa nyeupe, sisi tumevaa njano. Akafikicha macho. Na mimi, mjinga wa kwanza, nikaendelea kucheka.

Na vitabu pia. Alianza kunitaka nimsomee akiwa cherehanini, eti nisisahau kusoma kwa sauti, maana wasomi wa siku hizi wanasoma kimya kama wezi. Kwa Menza nilikuwa nimepata hadithi ya mjane anayemsaka mtu aliyeuza shamba la marehemu mumewe. Baba alinaswa! Kila siku baada ya chakula, kabla hata sijanawa, anauliza yule mama amefika wapi. Akifurahi, cherehani inakwenda mbio. Mjane akibanwa, inasimama. Siku ya mwisho tulifika pale mjane anabisha mlango wa yule mwizi, cherehani kimya, Baba amenyanyua mguu, nafunua ukurasa, kumbe zilizobaki zote zimechanwa. Lo! Ningemwambia, ningesikia hotuba ya mitumba mpaka magharibi. Basi nikaendelea tu, macho kwenye jalada, nikatunga. Nikamfungulia mjane mlango, nikamtia mwizi majuto, nikamrudishia mama wa watu shamba lake na minazi yake yote. Baba akasema haya, mguu ukashuka, akaendelea kushona.

Sasa nikueleze lililonikosesha raha. Baba alikuwa amenadi mji mzima kwamba gauni la mahafali atalishona yeye. Alikwenda Mombasa mwenyewe akachagua kitambaa cha buluu, kizuri mno, na Mama na mashangazi akawanunulia sare yao kama wanakwenda kuoza binti. Nilimwambia kwamba juu yake nitavaa joho, halitaonekana sana. Akanijibu kwamba joho hurudishwa na picha hubaki. Akashona kwa wiki nzima. Siku ya kulijaribu, Mama na Shangazi wamekaa wanangoja kupiga vigelegele, nikatoka chumbani, vigelegele vikawakwama kooni.

Kaka, mkono wa kushoto ulikuwa umepanda karibu na kiwiko. Pindo limeshuka huku, limepanda kule. Kifuani ametia mshono mara mbili, wa pili haukupita juu ya wa kwanza. Hii ni kazi ya Baba, ambaye alikuwa akimrudishia mwanafunzi wake shati kwa uzi mmoja tu! Baba akanizunguka, akanipapasa mabega, akauliza mbona mko kimya. Mama akasema limependeza. Shangazi akasema goti linamwuma, akaenda zake. Nikaingia chumbani nikalia, wala si kwa ajili ya gauni. Nilizikumbuka zile jezi nyeupe na njano, nikakumbuka kitabu kinavyosomwa na mimi tu, nikajua kwamba Baba haoni.

Nilifanyaje? Kulivaa vile, picha zitabaki kweli, na kila mgeni atauliza nani fundi. Kutolivaa ni kumwambia mbele ya watu kwamba kazi yake imekwisha. Nilimweleza Mama, naye akanisihi nisithubutu kumtajia macho, maana yeye alishajaribu na Baba hakusema naye siku mbili. Basi nikafanya kosa. Nilishuka Ukunda peke yangu, nikaokota gauni moja la kijani, la stara, mikono mirefu, kamera hasa, ila pana, ningeingia mimi na Mapenzi na nafasi ikabaki. Nikalibeba mpaka nyumbani, nikalificha ndani ya boksi la gemu yako chini ya kitanda. Mpango wangu ulikuwa nilipunguze kwa siri kwa sindano ya mkono, nilivae chini ya joho, na la Baba nilibebe mkobani niseme limelowa chai njiani. Ndiyo, mpango wa kijinga, usinicheke. Wewe hukuwepo, na mtu wa kumwuliza sikuwa naye.

Alhamisi Mama alikuwa anatafuta boksi la kutilia mikate ya sinia ya kumpelekea Shangazi. Akavuta lile lile. Akalifungulia ukumbini, mbele ya Baba, gauni likatoka. Mama akaganda nalo mkononi. Baba akauliza ni nini hicho. Mama akanitazama, nami nikamtazama, maana mtu anayeona hangeuliza. Akanyoosha mkono, Mama akampa.

Nilingoja alitupe nje. Nilingoja aseme mahafalini haendi, maana aliwahi kuapa kwamba siku nitakayovaa mtumba mbele za watu yeye hatakuwepo. Akaligeuza ndani nje. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavu, polepole, mpaka kwapani. Akaniuliza: ni mtumba, sivyo? Nikasema ndiyo Baba. Nikaona heri nife nimeshasema yote, nikamwambia na vitabu nilivyomsomea ni mitumba, na gemu aliyoicheza ilitumiwa na mtu Uzunguni kabla yako, na hata joho lenyewe ni la kukodi, limevaliwa na watu wengi kabla yangu. Na gauni lake la buluu, nikamwambia, mkono umepanda. Nikaangua kilio.

Baba alilitupia gauni begani. Aliomba wembe. Nikajua analichana. Akakaa chini kwenye mkeka, akaushika mshono, akaanza kulifumua. Kaka, hakuangalia kabisa! Kichwa amekiinua kuelekea dirishani, vidole vinakwenda vyenyewe, uzi unatoka mzima mzima bila kugusa kitambaa. Nikamtazama Mama nione kama ameshangaa kama mimi. Mama alikuwa anacheka huku anafuta machozi kwa ncha ya leso, akamwambia Baba kwamba mkono haujasahau.

Na hili, alilonieleza Mama pale pale, ndilo nililopaswa kukuandikia tangu mwanzo. Unaikumbuka suti yako ya Idi, ile ya samawati uliyowaringia nayo watoto wote wa madrasa kwamba babako kakushonea, wao wamevaa mitumba? Na gauni langu la manjano lenye marinda? Na zile za mwaka uliofuata, na uliofuata? Mitumba, Mwinyihaji. Zote. Wateja walipokwisha na kitambaa hakinunuliki, Mama alikuwa akijifunika buibui mpaka machoni anashuka Ukunda, anachagua magauni makubwa na mapazia, na sisi tukiwa madrasa Baba anayafumua, anayakata upya, anatushonea. Ile sheria ya kizingiti aliiweka ili mimi na wewe tusije tukaizoea mitumba tukatambua kitambaa cha nguo zetu. Shangazi wa watu kaunguzwa na jua miaka yote hiyo kwa ajili yetu.

Nikaketi mkekani kando ya Baba. Ya macho akayasema mwenyewe. Alisema jicho la kushoto linaona kivuli tu, na la kulia limetanda ukungu, tangu kabla hujaenda mafunzoni. Alisema aliogopa nikijua nitakataa gauni lake, na kwamba alitaka ashone moja la mwisho ambalo si la kufumua, kitambaa kipya kutoka dukani, kwa sababu hakuwahi kunishonea hata moja la namna hiyo. Kisha akaongeza, na vidole bado vinafumua, kwamba ule mwisho wa hadithi ya mjane ulikuwa wangu. Alijua pale pale, eti sauti yangu ilibadilika kama kitambaa kilichoungwa. Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema kiungo kilikuwa kizuri, na yule mama alistahili minazi yake.

Tangu siku hiyo tunashona pamoja. Nimekaa mimi kwenye cherehani, yeye amekaa kando ameniwekea mkono juu ya mkono. La kijani tumelifumua lote. La buluu tumelifumua pia, na la kijani limepata kola ya buluu, na mapindo ya mikono ya buluu, na ukanda. Mimi sijui kushona, kaka, mshono wangu unatangatanga kama mtu aliyetoka harusini usingizi umemshika. Baba anaupapasa, anasema fumua. Nafumua. Mapenzi amekuja kuona akataka lake lipunguzwe, na Shangazi leo ameingia ndani na blauzi yake, akakaa kwenye kochi na kukatalia hapo.

Na macho je? Jumanne hii madaktari wa macho wanakuja kwenye kambi ya matibabu hapa, na Baba amekubali. Muuguzi aliyempima jana amesema ni mtoto wa jicho, waanze na la kulia, na kwamba wengi hufunguliwa bandeji kesho yake na kuona vizuri. Sikuahidi lolote, maana Mungu ndiye ajuaye. Mahafalini atakuja, aone au asione. Amesema ikiwa ataona, na akakuta mshono wangu umekwenda upande, atanifumulia pale pale mbele ya mkuu wa chuo na joho lake. Naomba dua zako, kaka, anifumulie.

Mama anakusalimu, anasema usiache kula. Shangazi anakusalimu kutoka kwenye kochi. Mapenzi pia anakusalimu, mara mbili, wala sijui kwa nini mara mbili, utamwuliza mwenyewe. Baba anakutaka radhi kwa ile suti ya samawati, nami nimemwambia ulipendeza nayo na utapendeza zaidi na sare ya polisi. Amejibu kwamba hiyo nayo ikikupwaya uilete.

Wabillahi tawfiq. Ni mimi dada yako akupendaye na aliyemuuza mshambuliaji wako,

Muhsina Ramadhani