Usizime Watu Wakiwa kwenye Foleni

Dada Zuhura,

Shikamoo, ingawa najua hakuna wa kuniitikia marahaba. Kiti chako pale chumba cha kompyuta cha hospitali nakikalia mimi sasa. Sijakizoea.

Mengi yamebadilika tangu uondoke. Hospitali imeuzwa. Wamiliki wapya wametoka Dar, wamekuja na kanzidata yao waliyoinunua, hazina mpya ya kumbukumbu za wagonjwa, pamoja na mhandisi wa kuifunga, Bwana Mushi. Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, hapa ni kubadilisha mstari mmoja tu wa programu. Tunazima, tunawasha, kwisha." Nikamjibu kwa maneno yako: usizime watu wakiwa kwenye foleni. Akacheka. Akazima asubuhi, foleni imefika mpaka nje kwenye vumbi.

Mfumo ulipowaka ulikuwa unasoma kanzidata mpya, na wagonjwa wetu wengi wa zamani walikuwa hawajahamishiwa huko. Kwenye foleni alikuwepo Mzee Ndahani wa Buigiri, yule aliyekuwa akikuita mjukuu na kukuletea karanga. Wewe mwenyewe ndiye uliyeingiza kwenye kompyuta kwamba penisilini inamdhuru. Kwenye skrini ya nesi Rehema hapakuwa na kitu. Akaona mzee hana tatizo, akavuta penisilini kwenye sindano. Binti wa mzee ndiye aliyemshika mkono: "Dada, hiyo ndiyo iliyomwangusha." Nilisikia nikiwa mlangoni. Nikakaa sakafuni pale pale.

Siku zile nilikutafuta sana, dada. Unakumbuka tulivyohangaika na kile kiunzi cha programu tulichojengea mfumo? Kilitaka kanzidata moja, na itajwe kabla ya kuwasha. Ulikuwa ukisema inawezekana kuchagua huku mfumo ukiendelea na kazi, ila ukaugua kabla hatujajaribu. Nimejaribu mwenyewe. Sasa nesi akimtafuta mgonjwa, mfumo unaangalia kwanza yuko upande gani, kwenye kanzidata yako ya zamani au mpya, unafungua kanzidata hiyo, na unabaki nayo mpaka kazi ile iishe, hata kama mimi nabadilisha mambo huku nyuma. Mgonjwa akishahamishwa, akija tena anasomwa kwenye mpya. Hakuna kuzima. Ilipokubali mara ya kwanza nilikuita kwa jina, kwa sauti. Rehema akageuka kuniangalia.

Bwana Mushi hakufurahi. Kwenye kikao alisema namtetea marehemu, nimeingiza hisia kazini. Niliwaeleza habari ya Mzee Ndahani, wakaruhusu nihamishe wagonjwa mmoja mmoja bila kuzima. Lakini maneno yake yameniganda. Kila mgonjwa ninayemhamisha naona kama nakufuta wewe. Juzi nilijikuta nimekaa mbele ya jina moja, sihamishi, silii, nimekaa tu. Labda alisema kweli. Ningekuuliza nani mwingine?

Wamebaki wachache. Wakiisha, kanzidata yako itazimwa kwa haki, na sitakuwa na la kusema.

Mama yako bado anauza mchele sokoni Majengo. Siku wanaume walipokupeleka makaburini, sisi tukabaki ndani, alinishika kiganja akaniuliza, "Ile kazi yake si ipo?" Nikasema ipo, mama. Tangu hapo, kila nikipita sokoni ananiuliza hivyo hivyo, na mimi najibu hivyo hivyo. Siku hizi nazunguka njia ya nyuma nisikutane naye.

Sitazunguka tena. Ijumaa, akishafunga biashara, nitakwenda kukaa naye mkekani. Nitamwambia itazimwa, asije akasikia kwa watu. Nitamwambia pia kwamba Mzee Ndahani yu hai, na kwamba ulichoandika juu yake kimehamia kwenye mpya. Nikishindwa kusema, nitakaa hapo hapo pembeni yake mpaka niweze.

Pumzika, dada yangu. Mama nitakuangalizia.

Mdogo wako wa kazini,
Neema