Dunia Aliyoikunja Afande

Dada Zuhura mpenzi,

Mimi mzima, ila nimekasirika sana. Lori letu bado linangoja forodha hapa mpakani Mpondwe. Leo mchana, mvua ilipokatika na jua likasimama utosini, nilikuwa nakunywa chai na Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Nikamwambia dunia ni mviringo. Akakubali! "Njo vile, iko rond," akasema, yaani ndiyo hivyo, ni mviringo, akainua chapati yangu. "Sawa hii."

Chapati, Dada! Nikamnyang'anya, nikaisimamisha juani. Kivuli chake kikawa mstari mwembamba. Nikamwambia: mwezi ukipatwa, kinachoufunika ni kivuli cha dunia, na watu wa kale waliona ukingo wake ni wa duara kila mara, haujawahi kuwa mstari hata siku moja. Ndivyo walivyojua dunia ni kama chungwa.

Watu wakajaa. Askari wa kizuizini akaja mbio. "Wewe! Unafanya mkutano hapa?"

"Hapana, Afande. Naonyesha umbo la dunia."

"Leta hiyo dunia."

Akaikunja mara mbili, akaichovya kwenye chai yangu, akaila yote. Na Papa Kasereka, bila haya, akawageukia watu: "Munaona? Chungwa haiwezi kukunjika!" Wakampigia makofi. Yeye!

Nimewakumbuka sana nyumbani. Mwambie Mama siku nitakayorudi apike wali. Chapati sitaki hata kuiona.

Mdogo wako,
Salim