Mjomba anataka madaftari yangu yawe udaktari wa binti yake

Mshauri mpendwa,

Nimeianza barua hii mara tatu na kuichana mara tatu, na leo tarehe 3 nimeamua kuiandika kwa kufuata tarehe, kama ninavyoandika kila siku, maana nikifuata moyo nitaishia kutukana, na anayetukanwa ni mjomba wangu wa damu.

Nina miaka thelathini na tisa. Nilimaliza kidato cha nne, na tarehe 9 Januari ya mwaka uliofuata nikaanza kazi kwenye kliniki ya mjomba, ambaye ni daktari wa mbwa na paka aliyesajiliwa, na siku hiyohiyo akaniambia, "Nishikie wanyama miguu mwaka mmoja tu, mpwa wangu, halafu nakupeleka chuo na wewe uwe daktari," nikayaandika maneno hayo kwenye daftari nililonunua kwa ajili ya kazi, na mwaka ulipoisha akasema mwaka mmoja tena, nikaandika tena, na nimehesabu, ahadi hiyo imeandikwa mara saba, kisha yeye akaacha kusema na mimi nikaacha kungoja, lakini kuandika sikuacha. Nina madaftari kumi na tisa, kila mwaka moja. Kila mnyama yumo: siku aliyoletwa, uzito wake, ugonjwa, dawa, nani alimhudumia, nyuzi ngapi zilishonwa na kama alipona.

Miaka minne iliyopita, tarehe 11 Juni, mjomba aliangusha sindano ya kushonea mara mbili tumbo la paka likiwa wazi, akaitazama mikono yake inavyotetemeka, akaniambia, "Shona wewe, mimi nasimama hapa naangalia," nikashona, na yule paka akapona vizuri. Wiki zilizofuata mjomba aliangalia akiwa amesimama, baadaye akiwa amekaa kwenye kiti, baadaye akawa anabaki chumba cha mbele akipiga soga na wenye wanyama huku mimi nikiwa ndani peke yangu na mkasi, na kuanzia hapo kila mnyama aliyepasuliwa katika kliniki ile nimempasua mimi, na kwenye risiti jina ni la mjomba.

Sitaficha kitu. Mwaka jana tarehe 14 Machi mwalimu mmoja mstaafu alimleta mbwa wake mzee kung'olewa jino lililooza, na dawa ya usingizi hupimwa kwa uzito, lakini asubuhi hiyo watu walikuwa wengi, mizani ilikuwa na foleni, nikaangalia kadi ya mbwa, nikaona niliandika mwenyewe kilo kumi na tisa, nikaamini maandishi yangu kuliko mbwa aliyesimama mbele yangu. Hakuamka. Nilimpima akiwa amekufa, akawa kilo kumi na tatu, kumbe jino lile lilimzuia kula kwa miezi. Mjomba akatoka akamwambia mwalimu, "Moyo wake ulikuwa dhaifu, tumejitahidi," na yule mzee akanishika mkono akanishukuru, mimi, na mpaka leo akipita huniamkua kwa furaha. Nimeyaandika yote kwenye daftari la mwaka jana.

Sasa suala lenyewe. Mjomba ana binti mmoja, nimempita kwa miaka kumi na mitatu, ananiita dada. Yeye alipelekwa chuo kikuu akahitimu udaktari wa wanyama. Sheria ni kwamba mhitimu hapewi usajili mpaka afanye kazi miezi kumi na miwili chini ya daktari aliyesajiliwa, na kila mnyama aliyemhudumia kwa mkono wake amwandike kwenye kitabu cha mafunzo, na msimamizi asaini kila ukurasa, kisha kitabu kinapelekwa kwenye baraza linalosajili madaktari. Binamu alikuja mwaka juzi, akakaa wiki tisa. Wiki ya kumi alipata kazi kwenye kampuni inayouza chakula cha mbwa, akapewa gari, hatukumwona tena ila kwa salamu. Sasa anataka kustaafu, na bila daktari aliyesajiliwa kliniki itafungwa.

Tarehe 12 mwezi uliopita, tulipomaliza kufunga kliniki, akaniambia nikae.

"Yale madaftari yako yako wapi?"

"Nyumbani, mjomba."

"Niletee la mwaka juzi na la mwaka jana. Mdogo wako atanakili."

"Atanakili nini?"

"Kazi iliyofanyika hapa. Imefanyika au haikufanyika?"

"Imefanyika."

"Basi. Mikono ilikuwa ya nani, karatasi haiulizi."

Nikamwambia, mjomba, hayo ni maisha yangu. Akacheka mpaka akavua miwani. "Maisha gani? Minyoo na kupe!" Halafu akaacha kucheka, akasema, "Na usisahau mle ndani kuna ile tarehe ya mbwa wa mwalimu. Ukiyapeleka kwingine, wa kwanza kusomwa ni wewe." Nilimpigia mama nikidhani atanitetea, naye akasema, "Mdogo wangu amekulisha miaka kumi na tisa, leo unamnyima karatasi?" Nikajibu kwamba nilifanya kazi, sikulishwa, akakata simu.

Nikapeleka daftari la mwaka juzi. Ndiyo, nilipeleka. Jumapili tarehe 19 mchana tulikaa sebuleni kwa mjomba, binamu ananakili, mimi nakunywa chai na hasira zangu, hadi nilipochungulia ukurasa wake.

"Wewe, huyu ni dume."

"Nani dume?"

"Paka. Umeandika umemtoa mfuko wa uzazi paka dume."

"Dada jamani, paka si paka? Nani ataenda kumwinua mkia?"

Tulicheka, mshauri, tulicheka kweli kama zamani nilipokuwa namsuka, na huku nacheka nikasema, "Lete hapa," nikachukua kalamu, nikafuta, nikaandika sawasawa, nikageuza ukurasa nikakuta uzito umeandikwa mahali pa umri, nikasahihisha, na ukurasa uliofuata pia, sikuweza kuacha, nilisahihisha kurasa ishirini na mbili na mjomba akawa anasaini nyuma yangu kwa mkono wake unaotetemeka. Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza nimefanya nini.

Tarehe 27 mjomba akanipa kazi nyingine. Ukutani kwenye chumba cha kusubiria kuna wasifu wake ndani ya fremu, amesoma wapi, ana uzoefu wa miaka mingapi, na sasa anataka fremu ya pili pembeni. "Mwandikie mdogo wako, wewe ndiye mwenye mwandiko na lugha." Nikaandika kwamba daktari wetu mpya amefanya kwa mkono wake upasuaji zaidi ya mia moja na arobaini, na hapo kalamu ikagoma. Ile mia na arobaini naijua mmoja mmoja.

Wanataka daftari la mwaka jana kabla ya tarehe 20, na kitabu kinapelekwa tarehe 28. Nikilitoa, binamu atakuwa daktari kwa kazi yangu na mimi nitaendelea kumshikia miguu. Nikikataa, kliniki itafungwa, na mimi nitatoka mlangoni na cheti cha kidato cha nne kama nilivyoingia. Nikisema ukweli, ninajishtaki. Nitoe au nisitoe? Niambie lolote, niko tayari kusikia.

Ni mimi,
Mshika Miguu

MSHAURI ANAJIBU

Dada Mshika Miguu,

Usilitoe. Hilo ndilo ulilouliza na nimelijibu mwanzoni ili usiruke mengine ukilitafuta.

Umedhulumiwa. Ahadi ya mwaka mmoja iliyorudiwa mara saba na mtu mzima kwa binti wa dada yake ni dhuluma, na mama yako anayeita mshahara wako chakula amekuongezea. Pole sana, na sisemi pole kwa mazoea.

Lakini umesema uko tayari kusikia, kwa hiyo kaa vizuri. Barua yako imejaa tarehe na nimezisoma zote. Kuna moja nimeitafuta nikaikosa: siku uliyokwenda mwenyewe chuoni kuuliza masharti ya kujiunga. Katika miaka kumi na tisa haipo. Mjomba alikunyima ada, sawa, lakini hakukufunga kamba. Ulimngoja, na ulipoacha kumngoja ukajilipa kwa mkasi. Ulipenda ile kazi, ukaona unaijua kuliko wenye vyeti, na pengine ni kweli. Mbwa wa mwalimu alikufa vilevile.

Hapo ndipo ninapokasirika nawe. Wenye wanyama wale walidhani wanamkabidhi daktari. Hawakuulizwa. Mjomba aliweka jina na wewe ukaweka mikono, mkawauzia mtu mmoja ambaye hayupo. Sasa mnataka kutengeneza wa pili, mwenye jina la binamu na mikono yako. Unalia kwamba unaibiwa, na katika kitabu kile cha uongo mwandiko wako umo kurasa ishirini na mbili. Hakuna aliyekushika mkono. Uliona kosa la paka ukashindwa kuvumilia, na kosa la kitabu kizima ukalivumilia kwa chai.

Jambo jingine hukuliona. Daftari la mwaka jana mjomba halitaki kwa ajili ya binti yake peke yake. Likishaingia mikononi mwake, kifo cha yule mbwa kitabaki na msimuliaji mmoja, naye atakisimulia hivi: nilitoka kidogo, nikarudi, nikakuta mpwa wangu amempa dawa. Anakutisha kwa daftari ambalo hana. Akilipata itakuwaje?

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kazini, lakini mkasi usiushike. Akiletwa mnyama wa kupasuliwa, mwambie mwenye mnyama ampeleke kwa daktari mwingine. Mjomba atafoka. Mwache afoke. Lile daftari lililokwisha kutoka lidai mbele ya binamu, na usipopewa, andika siku uliyolidai na jibu ulilopewa. Kazi hiyo hufundishwi na mtu.

Kisha mtafute binamu, mkutane mbali na baba yake. Huyo unayecheka naye bado hajapeleka kitabu, na hadi siku atakapokipeleka anaweza kugeuka. Mwambie akichane, aombe kurudia miezi yake kumi na miwili kwa daktari mwingine. Mwambie pia kwamba siku akifungua tumbo la mnyama peke yake, kurasa zako hazitamshikia mkono. Akikubali, umemwokoa. Akikataa, umemwonya, na usimwonye mara ya pili.

Mtafute mwanasheria kabla ya tarehe 20. Wapo wanaosikiliza bila malipo, ulizia mahakamani. Mpe kila kitu, hata usichopenda. Ukishaongozwa naye, nenda kwenye lile baraza ukajieleze kabla hawajakuita. Watakufanya nini, sijui, na sitakudanganya kwamba watakupongeza kwa ukweli. Kazi utaipoteza. Huenda na mama atanuna mwaka mzima. Na yule mwalimu lazima aambiwe, na wewe, kwa mdomo, nyumbani kwake. Panga siku na mwanasheria wako. Anaweza asikusalimie tena. Salamu zile hazikuwa zako tangu mwanzo.

Kuhusu chuo, nimeulizia. Kozi ya cheti cha wasaidizi wa madaktari wa wanyama inapokea watu wazima kwa matokeo ya kidato cha nne. Madaftari yako hawatayahesabu hata ukurasa mmoja. Utakaa darasani na watoto, utafundishwa kumshika mbwa miguu, na utajibu kwenye mtihani kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kusikia. Hiyo ndiyo hasara yako halisi, kubwa kuliko fremu ya binamu, na sina dawa yake. Fomu ichukue hata kama utaijaza kwa machozi.

Nina hakika huko kliniki wanakuita daktari, na kwamba wewe unayesahihisha kila kitu, hilo hujawahi kulisahihisha. Mapokezi pale kwenye baraza watakuuliza kama wewe ni daktari. Jibu hapana, kwa sauti ya kusikika, halafu weka madaftari mezani.