Beseni la Vidonge

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa mapafu kasoma majibu ya damu mara mbili, mbele yangu na mke wangu. Saratani ya utando wa mapafu tunaijua tangu Novemba. Hiyo ni zawadi ya miaka ishirini na tisa kiwandani, kukata shiti za asbesto za kuezekea. Leo kaongeza jipya: vitamini D yangu iko chini mno. Vitamini ya jua.

Mke wangu kauliza inakuwaje, kwa jua hili la kukaanga mtu. Nimemjibu mwenyewe. Kiwandani tuliingia kabla halijatoka, tukatoka limezama, tumejaa vumbi jeupe toka utosini hadi vidoleni. Lingenipata wapi?

Kuna utafiti. Wanataka kujua kama vitamini D inaweza kusaidia watu wa saratani ya asbesto. Hawajui bado — ndiyo maana wanauliza. Nusu yetu tutapewa vidonge vya kweli, nusu vitupu, na hata daktari hatajua nani kapata nini. Sasa nani anajua? Kasema kompyuta.

Nimesaini.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu haingojei kompyuta. Kanitoa nje na kiti saa tatu asubuhi. Jua likihama, ananihamisha. Mara nne mpaka mchana! Fundi viatu wa jirani kauliza kama kiti kinauzwa. Mama mmoja nisiyemjua kaniachia furushi nimlindie. Nimelinda. Tangu Novemba, leo ndiyo nimepata kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Muuguzi wa utafiti kapiga simu. Nikajisifu kuhusu kiti. Kumbe nimejichongea: nisiote jua kupita kawaida yangu, nitaharibu matokeo. Mke wangu kaninyang'anya simu.

"Mwanangu, akipona kwa jua la bure mtamfuta?"

Muuguzi kasema swali hilo atalipeleka juu.

Sasa natembea na mwavuli. Mtu niliyepimwa nikakutwa sina jua.

Jumanne, 11 Machi

Msumeno naye yumo kwenye utafiti! Tulisimama mashine moja miaka kumi na minane, yeye anakata, mimi napokea. Jina lilitokea hapo. Amekonda, shingo imebaki kama mpini. Nimekwenda kwake, tumeweka mezani makopo tuliyopewa. Vidonge mapacha. Tumeviramba. Tumevitia kwenye maji, vyote vikazama. Msumeno anadai cha kwake kizito zaidi. Nimemwambia kwa vifua vyetu hata shuka ni nzito.

Kisha kamimina makopo yote mawili kwenye beseni la kunawia, akavuruga kwa mkono.

"Vumbi tulivuta moja," kasema. "Na dawa iwe moja."

Tumegawana sawa kwa sawa.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu kajua. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Kauliza tu, "Na kama vyako ndivyo vilikuwa vya kweli?"

Kaenda kufua nguo safi.

Jumatatu, 12 Mei

Vipimo vya miezi miwili. Uvimbe wangu uko palepale. Wa Msumeno umeongezeka kidogo. Lakini damu! Vitamini imepanda kwetu sote, na kila mmoja kapanda nusu. Muuguzi kasema mtu hupanda au hapandi, nusu haimo kwenye mpango. Katutazama mmoja mmoja. Msumeno kakohoa kwa heshima.

Tumeitwa Alhamisi.

Alhamisi, 15 Mei

Ofisi ya profesa, feni haifanyi kazi. Tumekiri kila kitu, hadi beseni. Profesa kauliza beseni lilikuwa la rangi gani, akaandika. Kasema labda tutatolewa, si uamuzi wake peke yake. Ila bahasha yetu imeshafika, na ndani imeandikwa nani alipewa vya kweli. Tukitaka tutaambiwa. Kaiacha mezani, kaenda kumwita mkuu wake awe shahidi.

Tumebaki wawili. Msumeno kaikodolea macho bahasha muda mrefu.

"Natamani viwe vyangu," kasema polepole. "Ili angalau niwe nimekupa kitu."

Sikuweza kumwambia kwamba nami tangu asubuhi naomba viwe vyangu, kwa sababu hiyohiyo. Mmoja wetu lazima awe ndiye aliyepewa na mwenzake.

Akainuka, akachukua bahasha, akaiweka kwenye kiti chake na kuikalia.

Wamerudi, watatu sasa. Profesa anatafuta chini ya mafaili. Mkuu anafungua droo. Muuguzi ameinama chini ya meza. Msumeno kawaomba radhi, hawezi kusimama, kifua kinambana. Wamemletea maji.

Mimi naandika, nimeinamisha kichwa ili nisicheke. Profesa ananiuliza mimi sasa —