Neno Aba na Kiti cha Mzee Nikodemo

Tunduma,
13 Juni 1937

Kwa mdogo wangu Kefa,

Nakusalimu wewe na wenzako wote wa mgodini, pamoja na yule jirani yako Mnamwanga uliyesema anakohoa. Je, amepona? Sisi hapa hatujambo kabisa. Mahindi yameshaingia ghalani, kahawa ya mama huko Mbozi imeanza kuiva, na goti lake limeacha kumsumbua. Shemeji yako Tabita ameitazama picha uliyotuma, anasema umekonda, na kwamba kama hujui kupika ugali uoe.

Habari kubwa ni moja: Mzee Nikodemo amerudi kwenye kiti chake cha mzee wa kanisa. Amerudi Jumapili iliyopita, baada ya miezi minane ya kukaa benchi la nyuma pamoja na watoto wanaosinzia. Utashangaa kuona mimi nashangilia, maana aliyemtoa pale ni mimi, na wewe ulinipongeza.

Utakumbuka makala yangu gazetini, yale uliyoniandikia kwamba umeyabandika ukutani, na kwamba ulimpiga ngumi Mbemba mmoja kwa sababu aliyasoma akacheka. Nilidai hivi. Katika Maandiko, Bwana anamwita Baba yake Aba, kwa Kiaramu. Nami nilikuwa nakusanya maneno ya Kindali katika daftari. Siku hiyo nilimkuta Ikupa, mke wa mtoto wa Mzee Nikodemo, aliyeolewa kutoka Isongole kwa Wandali, anatwanga uani. Baba mkwe wake alikuwa anapita mbali. Nikamwonyesha kwa kidole, nikamuuliza kwao mtu kama yule huitwaje. Akainamisha macho akanong'ona: aba. Kefa, daftari liliniponyoka! Kwa Waaramu baba ni aba, kwa Wandali baba ni aba. Basi watu wa mpaka huu tumetoka nchi za Maandiko, na wale wanaoandika kwamba hatuna historia wafunge midomo yao. Niliandika siku mbili bila kunawa uso.

Makala yalipotoka, Mzee Nikodemo alikuja kwangu, akavua kofia, akaniambia kwa upole kwamba yeye ni Mndali wa kuzaliwa na kwao baba ni taata. Aba ni "hawa" tu, kama mtu anavyosema watu hawa. Nikamwambia Kindali chake kimeoza kwa kukaa sana na Wazungu. Akajibu kwamba afadhali chake kilichooza kikiwa kinasemwa, kuliko changu kilichooza kabla sijajifunza. Tabita alicheka hadi akatoka nje. Unanijua, sikuvumilia. Nikaandika tena gazetini, nikamtaja kwa jina, nikamwita mwongo.

Mzee wa kanisa akiitwa mwongo, baraza lazima likae. Tulikaa kanisani, mchungaji akiwa mbele. Nikasema shahidi wangu ni Ikupa, neno lile limetoka kinywani mwake. Akaitwa. Alifika mlangoni, akamwona mkwe wake kwenye benchi, akajifunika khanga kichwani, akageuka na kukimbilia vichakani. Nikaruka nikapaza sauti: mnaona, mzee amemtisha shahidi! Mchungaji akamuuliza Nikodemo kama ni kweli. Akatazama mikono yake, hakujibu. Akaulizwa mara tatu. Siku hiyo hiyo akavuliwa uzee, nami nikatembea kwenda nyumbani kama mtu aliyeshinda vita.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuandikia wakati huo. Nilijua.

Jioni ile ile, kabla ugali haujaiva, Ikupa alikuja jikoni kwa Tabita, akamweleza yote, na Tabita akaniambia. Kwao mke hakai chini ya paa moja na baba mkwe wake. Hamtazami, wala hatamki jina lake. Akilazimika kumtaja humwita "hawa", kwa heshima, kana kwamba ni wengi. Ndiyo maana alinijibu aba. Ndiyo maana alikimbia. Na unajua kanisa letu limekataza desturi hiyo, anayeifuata hutengwa na Meza ya Bwana. Nikodemo angejibu neno moja angepona yeye, akatengwa Ikupa. Akachagua kunyamaza. Mimi niliyajua haya yote, nikamwambia Tabita afunge mdomo wake. Makala ya tatu yalikuwa tayari, na njiani watu walikuwa wananisalimu Mwalimu wa Aba.

Tena si hilo tu. Miaka mingi iliyopita nilisoma kitabuni kwamba huko Jojia, kwenye milima ya Kaukazi, neno "mama" ndilo la kumwita baba, na kwamba Waturuki humwita baba "baba" kama sisi. Je, Waturuki ni Waswahili? Vinywa vya watu vina sauti chache, na watoto wote huanza na zile rahisi. Maneno lazima yagongane bila kuwa ndugu. Nilipokuwa naandika, nilikiona kitabu kile rafuni nikakigeuzia mgongo.

Aliyenivunja ni Tabita. Hakugomba. Alianza tu kuniita aba. Aliwaambia watoto: waambieni aba maji ya kuoga tayari, waulizeni aba kama wanakula au wameshiba ukoo wao. Alinipa mgongo akipita, amejifunika khanga. Miezi minane, Kefa! Hata mbuzi nadhani walielewa.

Jumapili iliyopita nilisimama kabla ya mahubiri, nikasema yote, pamoja na lile la jikoni. Nikamwambia mchungaji kama kuna wa kutengwa ni mimi, si mwanamke aliyemheshimu mkwe wake kuliko mimi nilivyoheshimu ukweli. Na kwamba katazo lenyewe niko tayari kulijadili naye hadi Krismasi. Mchungaji akasema Krismasi ni mbali, niketi. Wazee wakatoka nje, wakarudi, wakamwita Nikodemo mbele. Ikupa hakutengwa. Wameamua akae upande wa mlango wa wanawake, nyuma ya nguzo, na asiulizwe zaidi.

Nikodemo alisema amenisamehe, ila ana sharti: mwalimu asiseme neno katika kikao chochote kwa mwezi mzima. Kanisa zima likacheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote unamjua. Leo ni siku ya nane. Jana baraza lilijadili bati la paa, wakakosea hesabu mbele ya macho yangu, nikauma ulimi. Lakini nimekula vizuri juma hili, na Tabita ananiita Hezron.

Gazeti nimeliandikia kukanusha. Wewe nakuomba uyabandue makala yale. Waite wale wote uliowasomea, uwasomee barua hii, na kipande cha jikoni usikiruke. Mtafute kwanza yule Mbemba. Yeye alicheka kwa haki, kwa sababu kwao pia aba ni "hawa", na ngumi ile ilikuwa yangu.

Mama anakusalimu, Tabita anakusalimu, watoto wanauliza utarudi lini. Mungu akulinde huko chini ya ardhi na akupandishe salama kila siku.

Ni mimi kaka yako,
Hezron